Kibanja, Rweya na Vyombo vya Umma: Fundisho la Kaagya katika Suala la Tabianchi

Mabadiliko ya tabianchi yamekwisha kuingia katika maazimio, katika mipango na katika hotuba. Hakuna mkutano wa maendeleo unaokwisha bila kuyataja. Lakini kada wa Chama hana budi kujiuliza swali jingine: je, yameingia katika vyombo gani, na vyombo hivyo ni vya nani? Jambo likitajwa bila kuwa na chombo cha kulitekeleza, hubaki kuwa maneno. Na chombo kisichokuwa mikononi mwa umma, hata kikiwa na wataalamu na fedha, hugeuka kuwa chombo cha kuamrisha watu.

Katika makala haya tunalichambua swali hilo kwa kutazama historia ya nchi ya Wahaya iliyo kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kaagya na vijiji vingine vya Bukoba hadi Muleba, katika Mkoa wa Kagera. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu watu wake wamepambana na udongo dhaifu na mvua nyingi kwa karne nyingi, na kwa sababu karibu kila aina ya chombo imejaribiwa hapo: ukabaila, ukoloni, ushirika, serikali ya kijiji na mashirika ya mataifa.

1. Ardhi iliyotengenezwa kwa jasho

Mgeni anayefika Bukoba na kuona migomba iliyosongamana hudhani kwamba nchi hii imebarikiwa udongo. Hali halisi ni kinyume chake. Mwambao wa Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na ukienda magharibi mvua hupungua hadi nusu ya kiasi hicho. Mvua hiyo nyingi, ikinyesha juu ya udongo uliotokana na mawe ya mchanga, huosha rutuba na kuizamisha chini mahali ambapo mizizi haifiki. Ushahidi uko wazi kwa macho: nje ya kijiji kuna rweya, yaani uwanda wa nyasi ambao mazao hustawi kwa shida, ndani ya kijiji kuna kibanja chenye migomba, kahawa na maharage. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile. Tofauti ni kazi ya binadamu.

Nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweya, na mbolea yao ikabaki kibanjani. Miti ya kivuli iliachwa isimame. Kwa njia hiyo rutuba ya eneo kubwa ilikusanywa katika eneo dogo, mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi. Matandazo ya nyasi yalizuia tone la mvua lisipige udongo, na wakati wa kiangazi yalihifadhi unyevu. Leo wataalamu wanapozungumzia kilimo kinachostahimili tabianchi, wanataja mambo ambayo bibi wa Kihaya aliyafanya bila kuyapa jina.

Lakini tusiigeuze historia kuwa hadithi ya paradiso. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wachunguzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya tanuu za kuyeyushia chuma za miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Chuma kilihitaji makaa, na makaa yalihitaji miti. Binadamu hapa ameiharibu nchi yake kabla ya mkoloni kuja, na akaitengeneza tena. Fundisho la kwanza ni hili: mazingira ni zao la kazi na mahusiano ya watu. Mahusiano yakivurugika, na udongo huvurugika.

Yalivurugika mara nyingi. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, na pamoja nao ikaondoka mbolea. Tena kulikuwa na ukabaila wa nyarubanja, ambapo mtwazi alimiliki ardhi na mtwarwa akailima na kulipa kodi. Mtu anayeweza kufukuzwa kesho atatandaza nyasi kwa faida ya nani? Sheria ya nyarubanja ya mwaka 1965 ilipoanza kumpa mtwarwa haki juu ya ardhi aliyoilima, haikuwa sheria ya haki za watu peke yake. Ilikuwa pia sheria ya udongo.

2. Ukweli wa kitaalamu, chombo cha kikoloni

Serikali ya kikoloni haikuwa haijui matatizo ya kilimo. Ilikuwa na mabwana shamba, na mengi waliyoyasema kuhusu magonjwa na wadudu yalikuwa kweli. Hata hivyo mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga waziwazi kanuni za kilimo cha kahawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 yakaja masharti ya kupambana na fukusi wa migomba, na watu wakaona migomba yao inaingiliwa kwa amri. Ali Migeyo, kiongozi wa TAA wilayani Bukoba, alizungumza na wananchi Kamachumu. Polisi wakautawanya mkutano kwa mabomu ya machozi, naye akafungwa.

Msomaji wa juu juu atasema kwamba wakulima walikuwa wajinga waliomtetea mdudu. La hasha. Fukusi alikuwepo kweli, na mgomba uliooza ulipaswa kuondolewa. Kilichokataliwa ni chombo. Amri ilitoka kwa serikali ambayo mkulima hakuichagua, ikapitia kwa machifu ambao hakuwa na uwezo wa kuwaondoa, na hasara akaibeba peke yake. Chini ya hali hiyo hata ukweli wa kitaalamu huonekana kuwa unyang'anyi. Fundisho la pili, basi, ni kwamba usahihi wa jambo hautoshi. Umma hulipokea jambo sahihi pale unapokuwa na sauti katika kuliamua.

Linganisha na yaliyotokea baadaye. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana mkoani Kagera, wilayani Muleba. Dawa ya kunyunyizia haipo. Kinga yake ni kukata ua dume, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa kila baada ya kukata mgomba, na kung'oa ulioambukizwa. Kazi hiyo haina maana ikifanywa na mtu mmoja, kwa sababu nyuki na panga la kuazima havijui mpaka wa kibanja. Ililazimu kijiji kizima kikubaliane, kiweke sheria ndogo, kichague watu wa kukagua, na kituo cha utafiti cha Maruku kishirikiane na wakulima. Kung'oa migomba kule kule kulikoleta mabomu ya machozi Kamachumu kukawa kazi ya kijiji. Palipokuwa na serikali ya kijiji iliyoaminiwa, kazi ilikwenda. Palipokuwa na kutegeana, ugonjwa ulirudi.

3. Vyombo vinavyojengwa na kuvunjwa

Fundisho la tatu linahusu kudumu kwa vyombo. Tabianchi hupimwa kwa miaka 30 na zaidi, lakini vyombo vyetu mara nyingi vimeishi maisha mafupi kuliko mibuni.

Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba kiliundwa mwaka 1950. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976. Baada ya sheria ya ushirika ya 1982, ushirika wa mkoa ukarudi kama KCU. Halmashauri za wilaya ziliondolewa mwaka 1972 kwa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Idara ya hali ya hewa iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima ilikoma pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Tanzania ikaanza yake mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi huko Rusumo mkataba wa Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika hilo lilikuwa na makao Kigali na mipango mikubwa ya umeme na kilimo. Mwaka 2004 lilivunjwa, na mkulima wa Kaagya hakutambua kwamba limekufa kwa sababu hakuwahi kutambua kwamba liliishi.

Hatusemi kwamba kila badiliko lilikuwa ovu. Tunasema kwamba kila chombo kinapovunjwa, kumbukumbu hupotea: madaftari ya mvua, majina ya mbegu, makubaliano ya mipaka, mazoea ya kukutana. Hapo kila kizazi cha viongozi huanza upya kuandika mipango ambayo wazee wa kijiji wamekwisha kuijaribu.

4. Ziwa lililopanda

Kati ya mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa, Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80, kwa ukame na kwa maji mengi kuachiwa huko Jinja. Mwaka 2020 likapanda tena, likafikia na kupita kidogo alama ya mwaka 1964. Fukwe, mialo na nyumba za kando zikaingiliwa na maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilichangia sentimita 7 hivi katika kimo cha mwaka 2020.

Kada makini asizidishe wala asipunguze takwimu hiyo. Ziwa hili lina tabia yake ya kupanda na kushuka, na sehemu kubwa ya mafuriko yale ilitokana na tabia hiyo. Lakini sentimita 7 juu ya ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 68,000 ni maji mengi mno, na yamemwagwa juu ya mvuvi asiyekuwa na kiwanda wala gari. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Ubepari wa nchi tajiri umechoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne mbili ukachukua faida. Hasara imegawanywa kwa wote. Kwa hiyo madai yetu katika mikutano ya mataifa, tangu Rio mwaka 1992 hadi makubaliano ya 2022 ya kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu, ni madai ya haki. Si ombi la sadaka.

Hata hivyo deni la beberu halitandazi nyasi kibanjani. Tukidai nje, tujenge ndani.

5. Mgongano uliomo kijijini

Tukijenga ndani tutakutana na mgongano ambao hotuba nyingi huuruka. Rweya ilikuwa ya wote: mahali pa malisho na pa kukata nyasi. Mwenye uwezo anapojitwalia sehemu ya rweya na kupanda mikaratusi au misindano ya kuuza nguzo na mbao, huhesabiwa kuwa mpanda miti hodari. Lakini mama asiyekuwa na ng'ombe hapo amepoteza matandazo yake. Kibanja chake kitakuwa cha kwanza kukauka kiangazi kikirefuka. Miti ni mizuri. Swali ni miti ya nani, juu ya ardhi ya nani, kwa uamuzi wa nani.

Vivyo hivyo kwa wanawake. Kazi kubwa ya kutandaza, kupalilia na kupanda maharage ni yao, lakini mila iliwanyima mamlaka juu ya ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ilitamka, katika shauri lililotoka kwa Wahaya, kwamba mila ya kumkataza mwanamke kuuza ardhi aliyoirithi inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaimarisha haki hiyo. Kamati ya mazingira isiyokuwa na wanawake wenye sauti ni kamati ya watu wasioshika jembe.

6. Wajibu wa kada

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kamati za mazingira hadi kijijini na kutaka halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira. Mkataba wa Paris Tanzania iliuridhia mwaka 2018. Tunachopungukiwa ni uhai wa vyombo hivyo katika ngazi ambako mvua inanyesha.

Hivyo basi, kada aliyeko kijijini na aulize mambo manne. Je, kamati ya mazingira imeundwa, na inakutana? Je, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unamfikia mkulima kabla hajapanda maharage ya vuli, kwa lugha anayoielewa? Je, mkutano mkuu wa kijiji umekwisha kuamua rweya ni kwa matumizi gani, na uamuzi umeandikwa? Je, bajeti ya halmashauri ina fungu la kazi hiyo, au ina semina tu?

Majibu yakiwa hapana, basi tabianchi bado haijachukuliwa kwa uzito, hata kama imetajwa mara mia. Wazee wa Kaagya waliujenga udongo mahali ambapo udongo haukuwepo, kwa kazi ya pamoja iliyorudiwa kila mwaka. Vyombo vya umma hujengwa hivyo hivyo: kwa kukutana, kuamua, kutekeleza na kukaguana, msimu baada ya msimu.