Stelingi Tuliyemshangilia Bwaloni

Wale tuliosoma pamoja watakumbuka Jumamosi jioni, meza za bwalo zikisukumwa ukutani na televisheni ya shule ikiwekwa mbele. Picha ikiwa ya kauboi, hakuna aliyebaki bwenini. Sheria yake tuliijua: stelingi hafi. Stelingi alikuwa Mzungu mwenye kofia pana. Adui alikuwa Mhindi Mwekundu mwenye manyoya kichwani, aliyeanguka kutoka juu ya farasi bila kutamka neno. Nasi, watoto wa Kiafrika, tulipiga makofi kila alipoanguka. Mtu mweusi hakuwamo kabisa, na hatukuuliza yuko wapi.

Nilipokuja kusoma historia ya sinema hizo, nilidhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. La hasha.

Picha mashuhuri ya kwanza ya aina hiyo, The Great Train Robbery, ilitoka mwaka 1903. Ilichukua dakika 12 hivi, haikuwa na sauti, tena ilipigwa New Jersey, mbali sana na Magharibi yenyewe. Miaka michache tu baadaye, wenyeji wa asili wa Marekani walikuwa tayari wamo kazini. James Young Deer, ambaye ukoo wake ulitokana na jamii ya Nanticoke, aliongoza White Fawn's Devotion mwaka 1910, akasimamia kazi za kampuni ya Pathé huko Los Angeles. Mkewe, Lillian St. Cyr, Mho-Chunk wa Nebraska, aliigiza katika The Squaw Man ya mwaka 1914, mojawapo ya filamu ndefu za kwanza kutengenezwa Hollywood.

Wala wenyeji hao hawakukaa kimya walipochorwa vibaya. Mwaka 1911 wajumbe wao walipeleka malalamiko Washington kwamba sinema ziliwaonyesha kama washenzi.

Mwaka 1920 ikapigwa The Daughter of Dawn katika milima ya Wichita, Oklahoma. Waigizaji wote walikuwa Wakiowa na Wakomanchi, zaidi ya 300, wakiwa na mavazi na mahema yao wenyewe. Mwongozaji alikuwa Mzungu, lakini hakuna Mzungu aliyeonekana ndani ya picha. Stelingi alikuwa Mhindi Mwekundu! Na kumbuka kwamba sheria ya kuwapa wenyeji wote uraia wa Marekani ilipitishwa mwaka 1924 tu.

Na mtu mweusi je? Alikuwapo. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mmoja kati ya kila makauboi wanne wa kweli alikuwa mweusi. Bill Pickett, mtoto wa waliokuwa watumwa, alisifika kwa kuangusha mafahali kwa mikono na meno, akaonekana katika The Bull-Dogger na The Crimson Skull mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kabla yao, mwaka 1919, Oscar Micheaux alitoa The Homesteader, juu ya mkulima mweusi wa South Dakota, maisha aliyoyaishi yeye mwenyewe.

Basi kwa nini hatukuwaona? Sababu moja ni kwamba wenye mitaji waliendelea kuwapa Wazungu waliopakwa rangi nafasi za wenyeji. Nyingine ni uzembe wa kuhifadhi. Mikanda ya zamani iliwaka upesi, ikaoza, ikatupwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za Kimarekani, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika hali yake ya awali. The Homesteader imepotea. The Bull-Dogger imebaki vipande. The Daughter of Dawn nayo ilidhaniwa imepotea, hadi nakala ilipojitokeza mikononi mwa mtu binafsi katika miaka ya 2000.

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mimi naongeza: hata aliyekuwepo, asipohifadhiwa, lake halipo. Makofi yetu bwaloni tuliwapigia waliosalia kwenye mkanda.

Vijana mlioko shuleni sasa, tazameni picha za zamani zilizotundikwa ukumbini. Majina ya viranja na walimu yameandikwa chini yake. Wapishi waliosimama pembeni hawana majina. Wenzangu tunaowakumbuka tungali hai. Njooni na kalamu siku ya mkutano.