Waya wa Nyuzi Tatu

Historia ya kompyuta kwa desturi husimuliwa kama ngazi. Kila kizazi hukanyaga kile kilichokitangulia, na kilichoko chini husahauliwa. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini hayaelezi jambo nililolishuhudia nyumbani kwangu Tanga, nilipotaka kuunganisha kompyuta ya mwaka 1993 na hizi tunazozitumia leo.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu baba yangu mdogo. Ni kompyuta mpakato, jina lililotokana na kupakata, kama mzazi anavyompakata mtoto. Ila mtoto huyu ana kilo tatu na ushei, na akikaa mapajani nusu saa huanza kuunguza. Baba mdogo aliinunua kwa mkopo, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na ambako hata baada ya marufuku hiyo kulegezwa mashine ya namna hii ilibaki kitu cha ofisi kubwa na wafadhili. Humo ndani aliandika mazungumzo yake na wazee wa Pangani waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge wakati wa Mwingereza. Wazee hao wamekwisha kufa wote. Kanda za sauti zililiwa na unyevu wa pwani, na nakala za karatasi hazikuonekana. Kilichobaki ni faili 214 katika diski inayokwaruza kila inapozunguka.

Njia ya kwanza ambayo mtu yeyote angeifikiria ni flopi, lakini mlango wake ulikuwa umekufa zamani. USB haikuwapo, ilikuja mwaka 1996. Fundi mmoja alishauri tuing'oe diski yenyewe. Nilikataa, maana kitu kinachokwaruza hakitaki kutikiswa. Kadi ya Ethernet ingalifaa, na hapa hapana budi kuwasifu waliobuni mfumo huo katika maabara ya Xerox mwaka 1973, na wale waliokubaliana juu ya waya wa mwaka 1990 ambao hadi leo unaingia katika ruta ya nyumbani na kueleweka. Lakini kadi hiyo huhitaji programu yake ya kuiendesha, na programu hiyo huja katika flopi. Tukawa tumerudi pale pale.

Kijana wangu, ambaye kazi yake ni hizi hizi kompyuta, alikuwa na wazo jingine.

"Baba, tutafute kadi ya zamani ya mtandao usio na waya. Nitailegeza ruta kwa siku moja tu."

Nilimuuliza kulegeza maana yake nini. Akanieleza kwamba kadi za mwanzo zilifunga mawasiliano kwa kufuli iitwayo WEP, ambayo wataalamu walionyesha mwaka 2001 namna ya kuifungua, na kwamba namna ya zamani ya kugawana mafaili kati ya kompyuta za Windows ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi wa Mei 2017. Ndiyo maana tangu mwaka huo mashine mpya haziiwashi zenyewe. Basi ili bibi kizee huyu aingie ukumbini, ilitakiwa tuvunje milango ya nyumba nzima, pamoja na hesabu za duka za mama yake. Nikasema hapana.

Hapo ndipo tulipogeuza kompyuta na kutazama mgongo wake. Palikuwa na tundu lenye pini 9, ambalo kijana wangu hakupata kulitumia maishani mwake. Kanuni inayolitawala, RS-232, ilitolewa na chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani mwaka 1960, kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Ilikusudiwa kuunganisha mashine za kuchapa za simu na modemu. Haijui kitu juu ya mtandao, anwani wala nywila. Inajua kutuma biti moja baada ya nyingine katika uzi mmoja, basi.

Kwa kazi yetu nyuzi tatu zinatosha: mmoja wa kusema, mmoja wa kusikia, na mmoja wa ardhi. Pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 ni ardhi. Kompyuta mbili zikikabiliana inabidi ya 2 na ya 3 zipishane, ili mdomo wa hii uelekee sikio la ile. Tuliunga waya huo kwa risasi mezani, na upande wa kompyuta mpya tukaweka kigeuzi cha USB kilichonunuliwa Kariakoo.

Programu ilikuwamo tayari. Kabla ya intaneti kufika kwetu sawasawa, barua za kompyuta zilisafiri kwa simu usiku, kutoka kituo hadi kituo, kwa mifumo kama FidoNet, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1984. Waganga walikuwa na mtandao wao wa HealthNet, ambao setilaiti yake ya HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Baba mdogo naye alikuwa na modemu, na kwa ajili yake alihifadhi programu iitwayo Kermit. Hiyo ilitungwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981, ikapewa jina la chura wa televisheni. Ilitungwa kwa kudhani kwamba waya ni mbovu, jambo ambalo kwa simu zetu za wakati ule lilikuwa kweli tupu. Hukata faili vifurushi vidogo. Mtumaji hujumlisha thamani za herufi za kila kifurushi, mpokeaji naye hujumlisha, na hesabu zisipolingana kifurushi hutumwa tena. Kwa Kiswahili makubaliano ya namna hii huitwa itifaki, neno lile lile la adabu za mabalozi, nami naliona limekaa mahali pake.

Tuliweka mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, yaani kama herufi 960. Faili zote zilikuwa megabaiti 1.8 hivi, na pamoja na ukaguzi ilichukua karibu saa nzima. Kijana wangu alizoea kuvuta filamu nzima kwa muda mfupi kuliko huo. Mara ya kwanza alicheka. Baadaye alikaa kimya akitazama majina ya faili yakipita moja moja.

Jambo jingine lilitusaidia, nalo halitajwi sana. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama juu ya irabu. Alfabeti ya ASCII, iliyokubaliwa mwaka 1963 kwa ajili ya Kiingereza, inakitosha chote, hata ng'ombe na kipengee chake. Mwandishi wa Kifaransa wa mwaka 1993 huenda leo akakuta maneno yake yamejaa vibandiko visivyosomeka. Maneno ya wazee wa Pangani yalifunguka kama yalivyoandikwa. Lau baba mdogo angeandika kwa hati ya Kiarabu, kama babu yake alivyoandika, sidhani kama ningekuwa na la kusimulia.

Faili 211 zilifika. Tatu zilikataa kusomeka katika diski yenyewe, na hakuna waya utakaozileta. Moja inaitwa KIPANDE2. KIPANDE1 ninayo: mzee anaeleza kadi ya kazi, jinsi ilivyotakiwa kujazwa siku 30 ndipo mtu alipwe, na jinsi siku ilivyoweza kufutwa kwa sababu ya mzigo mmoja wa mkonge kupungua. Baba mdogo anamuuliza nani aliyekuwa akishika kalamu. Faili inaishia kwenye swali hilo.