Medali za baharia aliyepita Fungurume

Tuanze na kitu kidogo chenye kuenea mkononi: medali. Baharia wa kawaida wa Uingereza aliyefika ku Ziwa Tanganyika mbele 1915 haijaisha, kiisha vita alipata tatu: nyota ya shaba ya 1914-15, medali ya feza yenye kichwa cha mfalme George wa 5, na ile ya Ushindi yenye utepe wa rangi sawa upinde wa mvua. Mkubwa wao Spicer-Simson, yeye aliongezewa DSO. Njo desturi ya majeshi.

Lakini tuangalie ukingo wa ile ya feza. Pale walipiga namba ya mtu, jina lake na cheo. Sisi waalimu tunapenda desturi ile: mtu mdogo hapotei.

Sasa, mashua zao mbili, Mimi na Toutou, zilifikaje? Treni ilizileta toka Cape Town mpaka Fungurume. Toka pale, mwezi wa 8 na wa 9 1915, zilivutwa juu ya milima ya Mitumba mpaka Sankisia, na mashini za mvuke, na ngombe, na mikono mingi ya watu wetu wenye walikata miti, wakajenga madaraja, wakashika kamba. Tarehe 26 Desemba zikateka Kingani, meli ya Wajerumani, karibu na Lukuga, Kalemie ya leo.

Ukingo wa medali una jina moja tu, la baharia. Wanafunzi wetu tumewapa kazi ya kuuliza wazee nyumbani: babu wa babu wa nani alishika kamba?