Filamu ya kamera na mashine za eksirei: mambo ya kujua kabla ya kupanda ndege

Ukiingia katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, au Jomo Kenyatta, Nairobi, mizigo yako yote hupitishwa kwenye mashine ya eksirei kabla hujafika kaunta ya shirika la ndege. Ukielekea kupanda ndege, mzigo wa mkononi hukaguliwa tena. Kwa nguo, viatu, unga na simu, ukaguzi huo hauna madhara. Lakini kipo kitu kimoja kidogo, kinachoenea kiganjani, ambacho mashine hizo zinaweza kukiharibu na usione alama yoyote kwa nje. Kitu hicho ni filamu ya kamera ambayo bado haijasafishwa.

Tunaposema filamu hapa hatuna maana ya sinema. Tunazungumzia ile iliyosokotwa ndani ya kikopo kidogo na kutiwa kwenye kamera za zamani, ikitoa picha 24 au 36, kisha ikapelekwa studio kusafishwa.

Kwa nini jambo hili bado lina umuhimu wakati kila mtu anapiga picha kwa simu? Zipo sababu mbili. Ya kwanza, wapo vijana, wakiwemo wapiga picha wa kazi, waliorudi kutumia filamu. Ya pili inagusa familia nyingi zaidi. Mzee anafariki, sanduku lake linafunguliwa, na ndani inakutwa kamera yenye filamu ambayo haikuwahi kusafishwa. Huenda humo ndimo ilimo picha pekee ya bibi, au ya harusi ambayo hakuna aliyebaki nayo. Studio nyingi za miji midogo zimeacha kazi ya kusafisha filamu, kwa hiyo njia inayobaki ni kumpa ndugu anayesafiri aipeleke mji mkubwa au ng'ambo. Hapo ndipo inapokutana na mashine ya eksirei.

Eksirei inaiharibuje filamu?

Filamu imepakwa utando mwembamba wenye chembe ndogo sana zilizotengenezwa kwa madini ya fedha. Mwanga ukiigusa chembe, chembe hiyo hubadilika kidogo. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa macho. Picha huwa imo, lakini imejificha, hadi filamu isafishwe kwa dawa katika giza. Dawa ndiyo huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa picha, na baadaye dawa nyingine huondoa zile ambazo hazikuguswa.

Kikopo cha filamu huzuia mwanga wa jua na wa taa. Eksirei haizuiliki kwa kikopo hicho. Hupenya na kuzigusa chembe kama vile mwanga ungezigusa. Uwezo huo wa eksirei ulijulikana tangu mwanzo kabisa. Mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Röntgen alipoigundua mwaka 1895, aliitumia kupiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe kwenye kioo kilichopakwa dawa ya picha. Hospitali nazo zilitumia filamu kwa picha za eksirei kwa miaka mingi. Kwa hiyo filamu inayopita kwenye mashine ya uwanja wa ndege haiharibiki kwa bahati mbaya tu. Imetengenezwa ili ishike mwanga, na eksirei kwake ni kama mwanga.

Filamu ikishapigwa na eksirei nyingi, picha zake hutoka na ukungu. Mahali palipopaswa kuwa peusi panakuwa pa kijivu, rangi zinafifia, na picha inakuwa na chengachenga. Mashine zenye nguvu zaidi huacha mistari au mawimbi yanayokata picha moja hadi nyingine. Ukungu huo hauondoki kwa kusafisha upya.

Je, mara moja inatosha kuharibu?

Inategemea mambo matatu.

La kwanza ni wepesi wa filamu kushika mwanga. Wepesi huo huandikwa kwenye kikopo kwa herufi ISO na namba. Filamu nyingi za kawaida madukani zilikuwa ISO 100, 200 au 400. Zipo za 800, 1600 na 3200 kwa ajili ya picha za usiku au ndani ya nyumba. Namba ikiwa kubwa, filamu hudhurika upesi zaidi. Kamera za kutumia mara moja na kutupa, na filamu za kamera zinazotoa picha papo hapo, nazo nyingi zina namba kubwa.

La pili ni idadi ya mara ilizopita. Madhara ya eksirei hujumlishwa. Safari moja yenye kubadilisha ndege inaweza kuwa na ukaguzi mlangoni, ukaguzi wa kupanda ndege na ukaguzi mwingine mnapobadilisha ndege. Ukirudi, hesabu inaanza upya juu ya ile ya mwanzo. Filamu ya zamani ina tatizo la ziada: joto na miaka vimeshaitia ukungu wake yenyewe, na eksirei inaongezea.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni aina ya mashine.

Mashine si za aina moja

Mashine za zamani za mzigo wa mkononi hutoa eksirei kidogo. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kwamba filamu iliyo chini ya ISO 800 inaweza kupita humo mara chache bila madhara ya kuonekana.

Mashine za mabegi yanayopakiwa tumboni mwa ndege ni kali zaidi, kwa sababu hutafuta vilipuzi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani iliweka sheria kwamba kila begi linalopakiwa likaguliwe kwa namna hiyo ifikapo mwisho wa mwaka 2002. Filamu ambayo haijasafishwa haipaswi kuwekwa katika begi hilo hata mara moja, hata kama namba yake ni ndogo.

Katika miaka ya karibuni imekuja aina nyingine kwa mzigo wa mkononi, iitwayo CT, inayofanana kikazi na siti skani ya hospitali. Chombo cha kutoa eksirei huzunguka begi na kulipiga kutoka pande zote, kisha kompyuta huunganisha picha hizo. Viwanja vingi vya Marekani, Uingereza na nchi nyingine za Ulaya vimefunga mashine hizi. Kampuni zinazotengeneza filamu, kama Kodak na Ilford, zimewaonya wapiga picha wasipitishe humo filamu ambayo haijasafishwa. Utazitambua kwa umbo lake kubwa, na mara nyingi utaambiwa uache kompyuta ndani ya begi badala ya kuitoa.

Ufanye nini ukiwa na filamu?

Usiifungue kamera ya zamani kwa udadisi. Ukifungua mgongo wake juani, mwanga utaunguza picha kabla hata hujafika uwanja wa ndege. Mpelekee mtu anayezijua kamera hizo airudishe filamu ndani ya kikopo chake na kuitoa. Ni rahisi kumwombea filamu ukaguzi wa mkono ikiwa nje ya kamera.

Itoe kwenye boksi, uweke vikopo katika mfuko mwangavu wa plastiki ili ofisa avione bila kuvichambua. Weka mfuko huo juu kabisa katika mzigo wa mkononi.

Fika mapema. Kabla ya kuweka begi kwenye mashine, toa mfuko, msalimie ofisa, kisha mwambie kwa upole: "Naomba hii ikaguliwe kwa mkono, ni filamu ambayo haijasafishwa." Mtu anayekwenda ng'ambo na hana lugha ya huko anaweza kuandikiwa maneno hayo kwenye karatasi. Mara nyingi ofisa atakipangusa kikopo kwa kitambaa maalumu cha kupimia vilipuzi na kukurudishia. Mweleze pia kwamba filamu isivutwe nje ya kikopo chake.

Nchini Marekani, kanuni za usalama wa anga zinampa abiria haki ya kuomba filamu ikaguliwe bila eksirei. Kwingineko mara nyingi uamuzi ni wa ofisa aliye kazini. Akikataa, usibishane naye, maana ugomvi kwenye ukaguzi unaweza kukukosesha ndege. Kama mashine ni ya aina ya zamani na filamu ni ya namba ndogo, kupita mara moja kwa kawaida hakutaiharibu. Ikiwa kuna njia yenye mashine ya zamani na njia yenye CT, omba kupitia ya zamani.

Ipo mifuko ya risasi, yaani ile ya madini mazito, inayouzwa ili kukinga filamu. Usiitegemee. Kwenye skrini mfuko huo huonekana kama doa jeusi, na ofisa atataka kujua kuna nini ndani. Mashine kali za mabegi ya kupakiwa nazo zinaweza kuupenya.

Ukiweza, safisha filamu kabla ya safari. Filamu ikishasafishwa, hatari imekwisha.

Vipi kuhusu kuituma kama kifurushi? Vifurushi vya kimataifa navyo hukaguliwa kwa eksirei, na maandishi ya onyo juu ya bahasha hayahakikishi kwamba havitapitishwa. Ni salama zaidi kumkabidhi ndugu unayemwamini, naye aibebe mkononi. Na wewe ukiombwa kubeba, pokea kwa mtu unayemjua tu, na uone kwa macho yako kilichomo. Usibebe kifurushi kilichofungwa cha mtu mwingine.

Vitu ambavyo havidhuriki

Picha zilizokwisha kuchapishwa kwenye karatasi hazina shida. Negativu, yaani vile vipande vya filamu iliyosafishwa ambavyo ukivielekeza dirishani unaona picha iliyogeuka, navyo viko salama.

Mgonjwa anayepelekwa India au kwingineko kwa matibabu asiogope kupitisha picha zake za eksirei alizopewa hospitali. Hizo zimeshakamilika. Sidii na flashi zenye majibu ya vipimo haziharibiki.

Simu, kamera za kidijiti na kadi za kumbukumbu haziathiriwi na mashine hizi. Chakula hakigeuki kuwa na mionzi kwa kupita humo. Mlango wa kupimia chuma ambao abiria hupita kwa miguu si eksirei, hivyo filamu iliyo mfukoni haidhuriki hapo.

Kwa ufupi: filamu iliyosafishwa ipite popote. Ambayo haijasafishwa isiwekwe kamwe kwenye begi la kupakiwa. Ibebwe mkononi, ikaguliwe kwa mkono, na isafishwe mapema iwezekanavyo. Picha ya simu ikipotea pengine kuna nakala kwa rafiki. Filamu ambayo haijasafishwa haina nakala.