Njia ya Mingoyo hadi Masasi

Ukitoka Lindi mjini kwenda kusini, njia zinaachana Mnazi Mmoja, Mingoyo. Ya kushoto inashika Mtwara. Ya kulia inafuata bonde la Lukuledi kupanda Masasi. Kanisa la Anglikana la kusini lilipanda upande huo wa kulia, na waliolipandisha hawakuwa kabila moja.

Mwaka 1875 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Alirudi Unguja na nia ya kuweka kituo katikati ya safari. Oktoba 1876, mwaka uleule Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alipopiga marufuku misafara ya watumwa ya bara, Steere alirudi Lindi na mahuru 55, wanaume 31 na wanawake 24. Kulikuwa na Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa, waliotiwa utumwani kila mmoja kwa njia yake. Kilichowaunganisha ni Kiswahili cha Unguja na sala walizofundishwa huko.

Novemba walifika Masasi, chini ya majabali yake, nao wakapapenda. Hawakuendelea. Vitabu humpa askofu sifa ya kuanzisha mji. Kwangu mimi, waliouanzisha ni wale waliotua mizigo. Steere alirudi Unguja, akamwacha kijana W. P. Johnson awaangalie.

Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi wakaichoma, wakaua na kuteka. Kazi ikahamia Newala, kwa chifu Matola, na Masasi ikarudiwa baadaye. Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, vikaichoma tena.

Katikati ya misukosuko hiyo yuko Cecil Majaliwa, na hapa mwandishi hana budi kukaa kidogo. Alikuwa Myao, akauzwa akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa Kiungani, shule ya misheni huko Unguja. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, akakaa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni ya Steere. Wazungu wachache walijua kukaa barazani na wazee wa Kiyao kama yeye, kwa sababu ya wazi: alikuwa kwao.

Dayosisi ya Masasi ilizaliwa mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas. Huyu hakuupiga vita unyago. Alichukua jando la wavulana akaliingiza kanisani, kukawa na mafundisho na baraka ndani ya kumbi. Kwa wasichana kazi ilimwia ngumu zaidi, kwani kungwi hakubali mgeni kirahisi. Shule ya Chidya ikasomesha vijana. Lulindi ikajengwa hospitali, ambako Daktari Leader Stirling alianza kazi mwaka 1935. Miaka arobaini baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.

Trevor Huddleston, aliyepambana na ubaguzi huko Sophiatown, Afrika Kusini, alikuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Aliyempokea kiti ni Hilary Chisonga, Mtanzania.