Kifafa, Kisu na Hesabu ya Kesho

Huku kwetu kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mtoto mwenye kifafa hukatazwa mambo mawili mapema sana: asiingie ziwani peke yake, na asikae karibu na moto. Sasa hebu fikiria mwenyewe. Watu wanaishi kwa usipa, na usipa uko ziwani usiku. Ugali unapikwa kwenye mafiga. Ukimnyima mtu maji na moto, umemwachia nini? Ndiyo maana swali linalowakosesha wazazi usingizi si lile la ugonjwa umetoka wapi. Kwa hilo kila mzee ana jibu lake, na mengine ni ya kurogana tu. Swali ni moja: je, utakoma?

Swali hilo nimelifuata vitabuni, na kumbe lina historia ndefu. Tena sehemu yake nzito iliandikwa Mahenge, kaskazini mwa mkoa wetu wa Ruvuma.

Tuanze na kisu. Kifafa ni kama radi ndani ya ubongo: umeme wa ubongo unalipuka bila mpangilio. Kwa wagonjwa wengine radi hiyo huanzia mahali pamoja siku zote. London, katika karne ya 19, daktari John Hughlings Jackson alikuwa na tabia ya kuwatazama wagonjwa wakianguka, akiangalia kidole kipi kimeanza kutikisika, mkono upi umefuata. Kwa kutazama hivyo akakisia mahali ugonjwa ulipojificha. Mwezi Mei 1886 mpasuaji Victor Horsley alimfungua kichwa kijana wa miaka 22, aliyekuwa ameumia kichwani utotoni, akaondoa kovu lililokuwa kwenye ubongo. Kijana akapata nafuu kubwa. Hapo watu wakaamini kwamba kifafa kinaweza kukatwa.

Nikisoma habari za Jackson huwa namkumbuka mama mmoja wa ziwani, jirani yetu, aliyekuwa akitia punje ya mahindi kwenye kopo kila mwanawe alipoanguka. Mwisho wa mwezi alizimwaga mkekani akazihesabu. Hakuwa na shule, lakini kazi ilikuwa ile ile.

Baada ya Horsley mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1929 Mjerumani Hans Berger alitangaza kwamba umeme wa ubongo wa binadamu unaweza kuchorwa kwenye karatasi. Mwaka 1934 Wilder Penfield alifungua taasisi yake Montreal, Kanada, akawa anawapasua wagonjwa wakiwa macho, akigusa ubongo na kuwauliza wanasikia nini. Ubongo wenyewe hauna maumivu, ati! Ila mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, mpasuaji William Scoville alimwondolea Henry Molaison, kijana wa miaka 27, sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, na hilo lilitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa ni kwamba kijana yule hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Ukizungumza naye, ukatoka nje ukarudi, anakusalimu kama mgeni. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008. Kwa maoni yangu, kisa hicho ndicho kilichowafundisha madaktari kuogopa swali la kesho. Kabla ya kukata, sharti uwe na jambo la kumwambia mgonjwa.

Basi wakaanza kuhesabu. Mwaka 1987 Jerome Engel aliwagawa waliopasuliwa katika mafungu manne: waliopona mianguko yote mibaya, wanaoanguka kwa nadra, waliopata nafuu ya kuridhisha, na ambao kisu hakikuwasaidia. Mwaka 2001 Samuel Wiebe na wenzake wa Kanada walichukua wagonjwa 80, wakawapigia kura: 40 wapelekwe kwenye upasuaji, 40 waendelee na vidonge. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa wakipata mianguko ya kupoteza fahamu. Kwa wa vidonge walikuwa asilimia 8. Tofauti kubwa hiyo. Lakini mwaka mmoja ni mfupi. London walifuatilia watu 615 kwa miaka mingi, wakatoa taarifa mwaka 2011: miaka mitano baada ya kisu asilimia 52 walikuwa hawajaanguka tangu wapasuliwe, na miaka kumi baadaye asilimia 47.

Wewe uko upande gani wa hiyo 47? Hapo ndipo Lara Jehi na wenzake wa Cleveland, Marekani, walipojaribu mwaka 2015 kutengeneza kikokotoo. Unakijaza umri wa mgonjwa, ameugua miaka mingapi, anaanguka mara ngapi, picha ya ubongo inaonyesha kovu au haionyeshi kitu, na mengineyo. Kinakupa asilimia zako. Ni kazi nzuri, nami nawavulia kofia. Walikuwa wakweli pia: kipimo cha usahihi wake kilikuwa kama 0.6, ambapo 1 ni utabiri usiokosea na 0.5 ni sawa na kurusha shilingi hewani.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1959 daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuja Tanganyika, akafika Mahenge katika nchi ya Wapogoro. Alikuta watu wenye kifafa wamejaa makovu ya moto, wanakula peke yao kwa sababu mate yao yaliogopwa. Akaanzisha kliniki, akawa anatoa fenobabitali, kidonge cha bei ndogo. Tena aliandika kila kitu. Aliona hata watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, ugonjwa ambao dunia ilikuja kuushangaa miaka mingi baadaye huko Sudan Kusini na Uganda.

Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania, Henry Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile, wakifuatilia miaka 30. Isome hiyo polepole. Miaka ya mwanzo, dawa zilipokuwa zikitolewa kwa usimamizi, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliacha kabisa kuanguka. Kwa vidonge tu! Kisha dawa zikaanza kupatikana kwa kubahatisha. Waliporudi kuwatafuta, wagonjwa wawili katika kila watatu walikuwa wameshafariki, na wengi wao kwa sababu ya kifafa chenyewe: mianguko isiyokatika, kuungua, kuzama majini. Maji na moto, yale yale tunayowakataza watoto wa ziwani.

Mimi nasema daftari lile la Mahenge linafichua pengo la kikokotoo cha Cleveland. Kikokotoo kinauliza habari za ubongo. Hakiulizi kama zahanati ya kijiji ina dawa mwezi huu. Na aliyepasuliwa naye haachi vidonge siku anapotoka hospitali. Kwa kawaida huendelea navyo kwa muda mrefu, na daktari ndiye anayeamua lini avipunguze.

Kuna la pili. Wale wa London na Cleveland, wengi wao radi yao huanzia kwenye kovu moja. Kwetu sababu ni nyingine. Utafiti wa nguruwe wa Wilaya ya Nyasa uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta dalili za vifuko vya tegu katika damu ya kama theluthi moja ya nguruwe waliopimwa. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva anapata tegu tumboni. Mayai yake yakitoka chooni yakaingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga, yanaweza kwenda kuota kwenye ubongo, pengine mahali pengi. Mpasuaji akate lipi? Hapo choo bora na banda la nguruwe vina kazi kubwa kuliko kisu.

Sidharau kisu, lakini. Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE, walianza kuwapasua wenye kifafa cha usawa wa sikio, na taarifa ya Warren Boling na wenzake ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba inawezekana katika nchi zetu, kwa kuchagua wagonjwa kwa uangalifu na kutumia vipimo vinavyopatikana. Kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilometa 1,000. Lami imefika, ndiyo. Ila atakayesafiri hivyo ataulizwa kwanza ameanguka mara ngapi, lini, mkono upi ulitangulia, na dawa gani amekunywa kwa miaka mingapi. Majibu hayo hayako Dar. Yako kwa mama mwenye kopo, na kwenye daftari la zahanati, kama kuna aliyeliandika.