Mto Buffalo na Watu Wake

Mto Buffalo wachimbuka katika milima ya Ozark, jimboni Arkansas, Marekani, nao hupita chini ya majabali marefu mpaka kukutana na Mto White. Mvua za Machi na Aprili zinyeshapo, wasafiri wa mitumbwi hushika makafi yao sehemu za juu, kuanzia Ponca. Kiangazi kikiingia maji ya huko hupungua hata mtumbwi ukakwaruza kokoto, na wapiga kafi huhamia chini. Mvuvi naye hutupa mshipi penye mawe na maji ya mwendo, akimtafuta samaki wa rangi ya shaba mwenye mdomo mdogo, maarufu kwa ukaidi wake ndoanoni.

Starehe hiyo ilikaribia kuzikwa majini. Wahandisi wa jeshi walikusudia kuujengea mto mabwawa mawili, Lone Rock na Gilbert. Wenyeji wengi wa mji wa Marshall waliyataka, wakitumaini kazi na biashara. Mwaka 1962 daktari Neil Compton na wenzake waliunda Chama cha Ozark kuyapinga. Mwaka huohuo William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliteremka mto kwa mtumbwi, na shauri la kienyeji likawa la taifa.

Pigo kubwa likatoka mahali pasipotazamiwa. Gavana Orval Faubus, yuleyule aliyetumia askari kuwazuia wanafunzi weusi tisa wasiingie shuleni Little Rock mwaka 1957, aliwaandikia wahandisi mnamo Desemba 1965 kwamba hataliunga mkono bwawa. Barua ile haifuti deni lile, lakini mto ulisalimika kwayo. Seneta J. William Fulbright, ambaye wanachuo wetu humjua kwa ufadhili wa masomo uitwao kwa jina lake, aliusukuma mswada Bungeni, na tarehe 1 Machi 1972 Rais Nixon alitia sahihi sheria iliyoufanya Buffalo kuwa mto wa kwanza wa taifa nchini humo. Maili 135 zikahifadhiwa. Uvuvi na uwindaji ukaruhusiwa.

Tatizo, msomaji, lilikuwa katika ardhi. Serikali ilinunua mashamba ya bondeni, mengine kwa hiari ya wenyewe, mengine kwa nguvu ya mahakama. Familia ambazo bwawa lingezihamisha kwa maji zilihamishwa kwa karatasi. Baadhi walipewa haki ya kukaa miaka 25 au mpaka kufa kwao. Kwa maoni yangu, sheria iliyojua kumwachia mgeni ndoano yake ingaliweza kumwachia mwenyeji jembe lake. Huko Boxley jambo hilo lilitambuliwa katika miaka ya 1980: wakulima waliruhusiwa kubaki, na wengine kuzinunua tena nyumba zao, kwa sharti la kutoiharibu sura ya bonde. Hata leo, juu kidogo ya Ponca ambako mitumbwi hutiwa majini, ng'ombe wao bado hulisha kando ya mto.